Msipige Simu Nyumbani

Hsiluo, 3 Juni

Shangazi Li-chiu,

Shikamoo. Usishangae kupata barua. Simu yangu ya mkononi baba ameifungia kabatini hadi nimalize mtihani wa kuingia chuo kikuu mwezi ujao. Simu ya mezani nayo haiguswi. Babu ameitoa sebuleni na kuiweka juu ya kigoda cha bibi, kwenye mlango wa uani, ili aisikie hata akiwa kwenye mitungi ya mchuzi wa soya. Ameandika kwa kalamu nene na kubandika ukutani: MSIPIGE SIMU KUTOKA HAPA. MSIPIGE SIMU HAPA. Nilimwuliza wanaopiga kutoka nje watalisomaje tangazo lililo ndani. Akasema, "Wewe maliza shule kwanza." Nimeshamaliza, Shangazi. Tuliagwa Ijumaa.

Unayajua haya kuliko mimi, maana ndiyo kazi yako huko kwenye kampeni ya Bi. Shao. Kuanzia tarehe kumi na mbili chama kitapiga simu za mezani kila jioni, nyumba yoyote itakayoangukiwa na bahati, kuuliza nani asimame kugombea urais, Meya Tung au Bi. Shao. Mtaa wetu wote ni wa Meya Tung. Mwenyekiti Liao wa tawi anapita nyumba kwa nyumba akiwakaririsha watu majibu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ukiulizwa unamtaka nani, sema Meya Tung peke yake. Ukiulizwa kama utampa Bi. Shao kura akishindana na yule wa chama kingine, sema simtaki. Nilimwuliza babu, "Kwani Bi. Shao si wa chama chetu?"

Akasema, "Ndiyo maana."

Mimi sijafika miaka ishirini, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza. Lakini nimesoma ahadi za wote wawili hadi mwisho. Nadhani hapa nyumbani ni mimi tu niliyezisoma.

Ninachokuandikia hasa ni hiki. Tarehe ishirini na tatu bibi anatimiza mwaka tangu afariki. Majivu ya udi wa chetezo chake yatachanganywa na ya wazee waliotangulia na jina lake litaingia kwenye kibao cha majina ya ukoo. Baada ya hapo hatakuwa na chetezo chake peke yake tena. Wewe ndiye binti yake wa pekee. Juzi babu alihesabu mabakuli mara mbili.

Tafadhali uje.

Pei-yun


Taipei, 5 Juni

Pei-yun,

Barua yako ilipokelewa na wenzangu hapa ofisini. Walipoona mwandiko wa mkono walidhani ni mzee fulani anaomba barabara.

Nimeisoma. Sasa na wewe nisome.

Siku ya kufagia makaburi, mbele ya kaka yangu, mbele ya mama yako, mbele ya Mwenyekiti Liao aliyekuja kula bila kualikwa, baba yangu alisema hivi: "Binti asiyeolewa hana jina kwenye kibao, na msaliti hana bakuli." Nilikuwa nimeshika vijiti vya kulia. Tonge lilikuwa bado mdomoni. Kosa langu lilikuwa kusema kwamba Meya Tung hawezi kushinda urais kwa kupiga kelele sokoni. Mtu aliyemwahidi mkulima bei nzuri ya vitunguu saumu, akamwahidi mnunuzi vitunguu rahisi, na wote wawili wakapiga makofi!

Wewe ulikuwepo. Ulitazama samaki. Sikulaumu, wote mlitazama samaki. Sijawahi kuona samaki akipendwa vile.

Akitaka nije kwenye mwaka wa mama yangu, anipigie simu. Sitaki wewe upige, wala baba yako. Kidole chake, namba yangu. Asipopiga, majivu mtachanganya wenyewe.

Usome mtihani wako. Hapo nyumbani hakuna wa kukusaidia hesabu.

Shangazi yako


Hsiluo, 7 Juni

(Shangazi, hii ni barua ya babu. Nilimsomea yako, nikaruka mahali pawili. Akasema niandike. Mimi ni mkono tu. P.)

Li-chiu,

Ni mimi baba yako, Chien Huo-tu. Macho yamechoka, ulimi bado.

Eti nikupigie simu. Simu ipi? Simu ya nyumba hii mwezi huu ni ya taifa. Nikishike chombo niongee na wewe, watu wa utafiti wapige wakute laini ina mtu, wapite nyumba nyingine. Meya Tung apoteze nyumba ya Chien kwa sababu mzee alikuwa anafokewa na bintiye! Kama ni kufokeana, tufokeane kwa stempu. Ni nafuu kuliko kuiuza nchi.

Chama hiki unachokula mshahara wake, mimi nilikigawia karatasi kilipokuwa marufuku. Nilizificha chini ya mitungi ya soya. Mama yako alikaa mlangoni akichambua maharage yaleyale mara tatu, anasikiliza viatu vya polisi. Leo mnakuja watu wa kahawa za kubeba mkononi kunifundisha eti mgombea awe na "sura ya kushinda". Sura! Tungengoja sura, tungekuwa tunangoja hadi leo. Meya Tung anaongea kama sisi. Akila uji anapuliza. Huyo Bi. Shao wako akifika sokoni anashika kabichi kama anashika mtoto wa watu.

Unataka kuja, njoo. Fulana ya Bi. Shao iache stesheni. Na kuanzia tarehe kumi na mbili mpaka kumi na sita usipige simu hapa. Usipige!

Baba yako

(Shangazi, kulikuwa na neno jingine baada ya "usipige", sikuliandika. Pia alipomaliza aliniuliza kama unakula vizuri huko. Akasema hilo nisiliandike. Nimeliweka kwenye mabano, kwa hiyo si sehemu ya barua.)


Hsiluo, 13 Juni

Shangazi,

Wamepiga! Jana, jioni ya kwanza kabisa!

Tulikuwa tunakula uji wa viazi vitamu. Simu ikalia. Babu aliinuka hadi kiti kikaanguka. Akachungulia kile kidirisha cha simu, namba imeanza na sifuri, kisha mbili. "Taipei!" akasema. "Ni wao." Akafuta midomo, akafunga kifungo cha shati, akasimama wima kama yuko mbele ya bendera. Nikadhani atasikiliza swali kwanza. Hakusikiliza.

"Meya Tung!" akapaza sauti. "Meya Tung peke yake! Huyo mwanamke simtaki, hata sauti yake sitaki kuisikia, hata mniwekee shingoni kisu cha kukatia tikiti! Mimi Chien Huo-tu, miaka sabini na minane, nimemaliza!" Akakata.

Baba akamwuliza, "Wamekuuliza umri?"

"Wataulizaje nimeshawaambia?"

"Wamesema nini sasa?"

"Wameduwaa. Hawajazoea watu wenye msimamo."

Uji ulipoa. Alitoka nje na kutangaza mtaa mzima: nyumba ya Chien imeongea! Wengine walimpongeza, wengine walinuna kwa sababu simu zao hazijalia. Mzee wa duka la baiskeli alimwambia, "Na wewe usiyesikia vizuri ndiye wanayempigia?" Babu akamjibu, "Mimi sihitaji kusikia, mimi nahitaji kusikika."

Mwenyekiti Liao amemletea kofia ya kampeni. Kesho jioni babu atakaa uwanjani mbele ya hekalu kuwaonyesha watu namna ya kujibu. Simu ameirudisha sebuleni. Amesema sasa imestaafu. Tangazo amelibandua.

Kwa hiyo Shangazi, ukitaka, unaweza kupiga. Laini iko wazi.

Pei-yun


Taipei, 13 Juni

Pei-yun,

Usiniandikie tena habari za tarehe ishirini na tatu.

Jana jioni nilipiga simu nyumbani. Najua alikataza. Wenzangu walikuwa wametoka kununua chakula, ofisi tupu, na mezani palikuwa na chupa ya mchuzi wa soya wa dukani, ule mtamu wa kijinga. Nikamkumbuka mama akionja mtungi kwa kidole. Nikasema potelea mbali, nitaanza mimi. Nina miaka arobaini na minne, nani bado anahesabu nani kaanza? Namba yangu ya mkononi huwa hapokei, nikatumia simu ya ofisi.

Nilikuwa nimefika "Ba", hata neno halijaisha. Akanijua. Akanipigia kelele jina la meya wake. Akasema mwanamke huyu simtaki, hata sauti yake sitaki kuisikia, hata niwekewe shingoni kisu cha kukatia tikiti. Akajitaja jina na miaka yake, kana kwamba namsahau. Akanikatia.

Kisu kile ni cha mama. Alikuwa akitukatia tikiti uani, mimi na baba yako, kipande cha katikati ananipa mimi. Katika visu vyote vya dunia akachagua kile.

Siku ya makaburi nilidhani ni pombe ya mchele. Jana alikuwa anakula, nilisikia bakuli.

Mpe hongera. Tarehe hiyo nitakuwa Taipei, natafuta kura za mtu aliyenipa kiti.

Li-chiu


Hsiluo, 17 Juni

Shangazi,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako niliisoma nimesimama mlangoni, halafu nikakaa chini palepale. Hii naituma kwa bahasha ya haraka, yenye mstari mwekundu.

Tafadhali isome tena barua yangu ya tarehe kumi na tatu. Siku ileile, uji uleule, kisu kilekile. Hakukujua, Shangazi. Aliona namba ya Taipei akadhani wewe ni watu wa utafiti. Hajui mpaka sasa kwamba ulipiga. "Mwanamke huyo" ni Bi. Shao. Naapa kwa chetezo cha bibi.

Kuna la pili, na hili sijamwambia mtu yeyote.

Tarehe kumi na nne jioni babu alikuwa hekaluni na kofia yake, anawafundisha watu kujibu. Simu ikalia. Nikapokea. Msichana mwenye sauti ya kusoma karatasi akasema anapiga kwa niaba ya kura za maoni za chama. Akaomba kuongea na mtu mwenye miaka ishirini au zaidi. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa bafuni. Nikasema babu yupo hekaluni, ni karibu, nikimbie nikamwite? Akasema hawasubiri. "Wewe una miaka mingapi?" Nilijua jibu lote, Shangazi. Nimelisikia likikaririwa wiki mbili. Nikasema kumi na minane. Akanishukuru, akanitakia jioni njema.

Leo asubuhi wametangaza. Unajua. Bi. Shao ameshinda, na tofauti haikufika hata asilimia moja.

Babu amekaa uani bila kofia. Anasema kura zimepikwa. Anasema kama kila nyumba ingejibu kama nyumba ya Chien, Meya Tung angekuwa rais. Mwenyekiti Liao amesema bora kumpa kura yule wa chama kingine kuliko Bi. Shao, na watu wakapiga makofi, watu haohao waliokuwa wakilia wakiimba wimbo wa chama. Babu hakupiga makofi. Alimwambia, "Liao, wewe kadi yako ya chama ina miaka mingapi?" Lakini na yeye amesema Januari, kwenye uchaguzi wenyewe, hatatoka nje kupiga kura.

Kumbe nyumba ya Chien haikuongea kabisa. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na sasa wewe. Sijui kama huu ni ukweli wa kumwambia mtu wa miaka sabini na minane. Wewe unaonaje?

Pei-yun


Taipei, 19 Juni

Pei-yun,

Nilicheka hadi wakaniletea maji. Halafu sikucheka tena.

Miezi minane nimezunguka nchi hii kutafuta kura moja moja. Kumbe kazi yangu kubwa kuliko zote niliifanya bila kujua, kwa kusema "Ba". Nimemnyang'anya baba yangu kura yake. Hapa wanafyatua fataki, wananiuliza mbona sishangilii.

Wewe ulisema kumi na minane. Mimi ningesema ishirini. Ndiyo maana mimi nafanya kazi hii na wewe usije ukaifanya.

Lakini usidhani umenimaliza. Haya, hakujua ni mimi. Siku ya makaburi je? Siku ile hapakuwa na namba ya Taipei. "Msaliti hana bakuli" aliniambia akinitazama usoni, na mama hajakauka kaburini. Hilo halina watu wa utafiti ndani yake.

Sharti langu halijabadilika. Kidole chake, namba yangu. Na usimwambie kitu. Sitaki kuitwa kwa aibu wala kwa huruma. Mimi siyo kura ya kuokoteza dakika ya mwisho.

Shangazi yako


Hsiluo, 23 Juni, saa nane mchana

Shangazi,

Barua hii nitakupa mkononi stesheni, maana najua nikikuona sitaweza kusema. Isome garini kabla hatujafika. Usiisome kwa sauti, baba anaendesha.

Ulikuwa upande mmoja tu wa simu. Nataka ujue upande huu ulikuwaje.

Asubuhi tulipanga chakula mbele ya picha ya bibi: kuku mzima, samaki, wali wa kunata, na kibakuli cha soya ya mtungi wa mwisho alioufunga mwenyewe. Udi ulipofika nusu babu alichukua vile vibao viwili vya kuulizia wafu. Akapiga magoti. "Mama watoto, umeshiba? Tukuunganishe na wazee?" Akavirusha, tukiomba kimoja kilale chali na kimoja kifudifudi, yaani ndiyo. Vyote vikalala kifudifudi. Hapana.

Tukawasha udi mwingine. Akarusha tena. Vyote vikalala chali. Baba akasema, "Anacheka."

"Anacheka nini?" babu akafoka. "Kuku anapoa!"

Mara ya tatu, kifudifudi. Mke wa mzee wa baiskeli, aliyekuja kusaidia jikoni, akasema, si kwa kunong'ona hata kidogo, "Hajamaliza kula huyo. Ana mtu anamngoja. Mama gani atakula ashibe binti yake hayupo?"

Babu akamwambia, "Wewe umekuja kuosha masufuria au kutafsiri?" Lakini alishainuka. Akaenda sebuleni. Nilidhani atanitafuta nimsomee namba yako. Hakunitafuta. Aliibonyeza yote kwa kidole kimoja, bila karatasi. Anaijua kwa kichwa, Shangazi.

Unajua simu ile sauti yake ilivyo kubwa, kwa ajili ya masikio yake. Wote tulisikia. Hukumwacha hata apumue.

"Bi. Shao! Bi. Shao peke yake! Huyo mwanamume simtaki, hata sauti yake sitaki kuisikia, hata mniwekee shingoni kisu cha kukatia tikiti! Mimi Chien Li-chiu, miaka arobaini na minne, nimemaliza!"

Ukakata.

Jikoni mtu aliangusha mfuniko. Babu alibaki ameshika chombo. Midomo yake ilikuwa inarudia polepole, "kisu cha kukatia tikiti". Akatazama kidirisha cha simu. Akatazama kile kigoda cha bibi mlangoni. Halafu akanitazama mimi, nami sikuyaondoa macho, na nadhani ndipo alipojua yote. Sijapata kuona mtu mzima akiwa mwekundu masikioni namna ile.

Nilidhani ataivunja simu. Akabonyeza tena.

Sehemu hii unaijua. Alisema, "Usikate." Alisema, "Mama yako hataki kumaliza kula." Halafu akasema, "Fulana vaa yoyote," na safari hii akakata yeye.

Usilolijua ni lililofuata. Aliniita uani, kwenye mitungi.

"Wale wa kweli," akasema, "walipiga?"

"Walipiga, babu. Ulikuwa hekaluni."

"Ukawaambiaje?"

"Kwamba nina miaka kumi na minane."

Akafumba macho. "Pumbavu. Ungesema ishirini."

"Shangazi naye amesema hivyohivyo."

"Yule ni msaliti," akasema babu. Akafunua mtungi, akaonja kwa kidole, akaufunika. "Lakini si mjinga." Kisha akanikataza nisikwambie kwamba ameniuliza. Nakwambia, ila nakuomba usimcheke leo. Mtaa mzima bado unaamini nyumba yetu iliongea, na mke wa mzee wa baiskeli ameapa kufunga mdomo. Unajua mdomo wake ulivyo.

Usidhani amekusamehe. Alipokuwa akivaa shati jipya alisema Bi. Shao hapati kura yake hata kwa dawa, na kwamba atakuuliza mezani ni lini hasa wasomi wa Taipei walianza kujua bei ya kitunguu. Najua na wewe utakuja na lako. Naomba tu mgombane baada ya vibao kukubali.

Udi wa nne nimeuwasha kabla ya kuondoka. Bakuli lako liko mezani, kati ya la babu na la baba. Babu alipohesabu hakuuliza ni la nani.

Akisema tena yale ya siku ya makaburi, Shangazi, mimi nitakuwa nimekaa mbele yako. Safari hii sitatazama samaki.

Pei-yun